Mackay, Fundi wa Usambiro

Nchi ya Geita inajulikana kwa dhahabu yake, na nchi ya Shinyanga kwa almasi, pamba na makundi ya ng'ombe. Walakini zamani, kabla dhahabu haijachimbwa huko kwa mitambo, watu wa Uzinza walijulikana kwa kazi ya chuma. Wafua chuma wao, walioitwa Warongo, waliyeyusha mawe ya chuma katika matanuri ya udongo, wakafua majembe ambayo yalinunuliwa mbali sana. Katika pande hizo za kusini ya Ziwa Nyanza, karibu na mwisho wa ule mkono wa maji unaoingia nchini kutoka Mwanza, palikuwa na mahali paitwapo Usambiro. Hapo alikaa na kufa mfua chuma mwingine, mgeni aliyetoka mbali. Jina lake Alexander Mackay. Aliishi miaka 40 tu, na katika hiyo miaka karibu 14 aliitumia katika nchi za Afrika bila kurudi kwao hata mara moja.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, nchi ya Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mtu mwenye elimu nyingi, naye alimfundisha mtoto wake nyumbani. Baba alitumaini kuwa mwanawe atakuwa mchungaji kama yeye. Lakini mtoto alipenda kwenda kwa mfua chuma na kwa seremala, akatazama jinsi wanavyoshika vyombo vyao. Siku moja alitembea mwendo mrefu kwa miguu mpaka mji wa Huntly, kwa ajili ya kulitazama gari la moshi likisimama kwa dakika chache, kisha akarudi kwa miguu tena. Mwaka 1865 mama yake alifariki. Alimwachia Biblia yake, na neno la kumwagiza asiache kuisoma. Kijana aliushika wosia ule maisha yake yote.

Akaenda Edinburgh, akasoma kwanza katika chuo cha kufundishia walimu, kisha elimu ya mitambo. Mwaka 1873 alikwenda Ujerumani, akapata kazi katika kiwanda kikubwa cha mji wa Berlin, kazi ya kuchora michoro ya mitambo. Mshahara ulikuwa mzuri, na njia ya utajiri ilikuwa wazi mbele yake. Lakini mwaka 1875 gazeti moja la London lilipiga chapa barua ya msafiri Stanley, aliyekuwa kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Barua ile iliomba walimu wa dini, nao wawe watu wanaojua pia kujenga, kulima na kufua. Mackay aliposikia habari hiyo aliona kwamba anaitwa yeye. Hakuwa mchungaji, wala hakuweza kuhubiri kwa maneno mazuri. Bali alikuwa na mikono iliyofundishwa. Akaitoa kwa Mungu mikono hiyo, akaandika kwa wakubwa wa chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza kuomba kazi.

Watu wanane walichaguliwa. Siku ya kuagana, kila mmoja alipewa nafasi ya kusema, na Mackay, aliyekuwa mdogo wao, akasema mwisho. Aliwaambia wakubwa kwamba huenda kabla ya miezi sita watasikia kuwa mmoja wao amekufa. Na ikiwa hivyo, wasivunjike moyo, bali wapeleke mtu mwingine mara moja kushika nafasi yake. Wote wakanyamaza. Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876, na mwezi wa Agosti mwaka ule ule mmoja wa wale wanane, fundi wa kujenga, alikufa Zanzibar. Mwaka uliofuata mganga wao akafa Kageyi, kando ya ziwa. Wengine walirudi kwao kwa ugonjwa. Mwisho wake ikawa katika wale wanane amebaki kazini Mackay peke yake.

Yeye mwenyewe alishikwa na homa kali katika safari ya kwanza, akarudishwa pwani. Alipopona hakukaa bure. Mwaka 1877 alichukua watu wenye mashoka na majembe, akaanza kufungua njia pana kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi, ili magari ya ng'ombe yaweze kupita. Walikata miti, wakaziba mashimo, wakajenga madaraja juu ya vijito. Ng'ombe wengi walikufa kwa mbung'o, na mvua ikaharibu kazi, lakini Mackay hakuona kuwa kazi ya namna hiyo ni ndogo kuliko kuhubiri. Kwake, kutengeneza barabara kwa uaminifu kulikuwa ibada, maana Bwana anayetumikiwa ni yule yule.

Hapo ikaja habari mbaya kutoka ziwani. Mwezi wa Desemba 1877 wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe pamoja na watu wao, katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanya biashara mmoja aliyeitwa Songoro. Mackay akaondoka mara moja kwenda bara. Mwezi wa Juni 1878 alifika Kageyi, katika nchi ya Usukuma. Ndani ya kibanda aliona mali yote ya misheni imelundikwa ovyo: misumari, herufi za chapa, vitabu, mbegu na vipande vya mitambo, vingi vimeshika kutu. Mashua yao, iliyoitwa Daisy, ilikuwa pwani, mbao zake zimepasuka kwa jua na kuliwa na mchwa. Akakaa siku nyingi akichagua kipande kwa kipande, akisafisha na kuunga.

Lakini kulikuwa na jambo gumu kuliko kutengeneza mashua. Lukonge alikuwa akiogopa kwamba Wazungu watakuja kulipiza kisasi, na watu wa Kageyi nao walitazamia vita. Basi Mackay akaazimu kwenda Ukerewe mwenyewe, bila bunduki. Rafiki zake wa Usukuma wakamwonya kwamba hatarudi. Yeye akaenda. Akaketi mbele ya mtemi ambaye watu wake waliwaua wenzake, akamsikiliza aeleze jinsi ugomvi ulivyotokea, akamwambia kuwa hakuja kutafuta damu. Wakafanya urafiki. Aliporudi Kageyi akiwa hai, watu walistaajabu. Huenda mtu mwingine angehubiri mara nyingi juu ya kuwasamehe adui, wasielewe. Siku ile walimwona mtu aliyesamehe kweli.

Mwezi wa Novemba 1878 Mackay alifika Buganda, baada ya mashua kuvunjwa na mawimbi njiani na kutengenezwa tena ufuoni. Akakaa huko karibu miaka 9. Alijenga nyumba, akaweka fuawe na mivukuto, akachimba kisima na kutia bomba la kuvuta maji, hata watu wakakusanyika kutazama maji yakipanda juu. Alichonga herufi za mti kwa mkono wake, akapiga chapa karatasi za kwanza za kusomea. Vijana wakamfuata hata kiwandani, wakasoma huku yeye akifanya kazi. Mmoja wao, jina lake Sembera, aliandika barua kwa kijiti na wino aliojitengenezea, akiomba abatizwe. Tarehe 18 Machi 1882 alibatizwa pamoja na wenzake wanne. Hao watano walikuwa wa kwanza kubatizwa katika misheni ile.

Mwaka ule ule mama yake Kabaka alifariki, na Mutesa akataka mama yake azikwe kwa heshima kubwa kuliko watu wote. Akamwita Mackay amfanyie majeneza matatu makubwa, moja ndani ya jingine, ya mbao na ya shaba. Kazi ilichukua muda wa mwezi mzima, usiku na mchana, na majeneza yalikuwa makubwa kama vyumba. Mackay hakuifurahia kazi ile, maana aliona mali nyingi mno ikifukiwa ardhini. Lakini aliifanya vizuri mpaka mwisho, kwa kuwa alikuwa amekubali kuifanya.

Si kweli kwamba Mackay hakuwa na kosa. Ulimi wake ulikuwa mkali. Mapadre wa Kikatoliki walipofika Buganda mwaka 1879, walishindana naye kwa maneno mbele ya Mutesa, wala yeye hakuwaachia wala wao hawakumwachia. Kabaka na wakuu wake wakashangaa kuona wageni wanaomhubiri Mungu mmoja wakigombana mbele ya watu. Katika ugomvi ule hakuna upande uliopata sifa. Ilikuwa wanafunzi wao ndio waliokuja kuwafundisha walimu, kama itakavyoonekana.

Mutesa alikufa mwezi wa Oktoba 1884, na kijana wake Mwanga akatawala. Mwanga aliwaogopa Wazungu, na wakuu wengi wakamtia hofu zaidi. Mwishoni mwa Januari 1885, Mackay alikuwa akienda ziwani pamoja na mwenzake Ashe na vijana wa misheni. Askari wakawakamata njiani, wakawarudisha kwa nguvu, wakawachukua vijana. Mackay akaenda kwa wakuu, akasihi, akatoa zawadi, akaomba tena, haikufaa. Vijana watatu, Kakumba, Lugalama na Seruwanga, wakatiwa motoni kwa sababu walikuwa Wakristo. Fundi aliyeweza kutengeneza karibu kila kitu kilichovunjika hakuweza kitu siku ile. Akarudi nyumbani, akakaa na huzuni yake.

Angeweza kuifunga misheni akaondoka. Badala yake aliendelea kuwafundisha waliokuja usiku kwa siri, akaendelea kupiga chapa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Askofu Hannington akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Mwaka 1886 vijana wengi zaidi waliuawa, na tarehe 3 Juni huko Namugongo, wanafunzi wa mapadre na wanafunzi wa Mackay walichomwa pamoja mahali pamoja. Walimu wao walikuwa wamegombana mbele ya mfalme. Wao walikwenda kufa njia moja, kwa ajili ya Bwana mmoja.

Katika siku zile za hatari kurasa za Injili ya Mathayo kwa Kiganda zilitoka katika mtambo wa Mackay, ukurasa kwa ukurasa. Wasomaji walizinunua na kuzificha. Aliyekutwa na karatasi ile aliweza kupoteza maisha yake, na hata hivyo walizitaka.

Mwezi wa Julai 1887 Mwanga, kwa kuchochewa na adui za misheni, alimtaka Mackay aondoke. Akafunga mlango wa nyumba yake, akavuka ziwa kuja kusini, akafika Usambiro. Hapakuwa na kitu ila pori na vijiji vichache. Mtu aliyefukuzwa baada ya miaka 9 ya kazi angeweza kusema kuwa amemaliza. Mackay akafungua masanduku, akatoa nyundo. Akajenga nyumba, ghala, kiwanda cha chuma na shimo la kupasulia mbao. Akaweka mtambo wa chapa. Akaanza kuunda mashua ya moshi kwa ajili ya ziwa, na birika lake kubwa la chuma la kuchemshia maji akaliunga yeye mwenyewe. Katika muda wa mapumziko aliendelea kufasiri Injili ya Yohana kwa Kiganda.

Msiba ukamfuata hata huko. Mwezi wa Machi 1888 Askofu Parker, aliyekuja kuliona ziwa na kuwatia moyo walimu, alikufa Usambiro kwa homa, na mchungaji mmoja alikuwa amekufa siku chache kabla yake. Mackay akawazika. Baadaye mwaka ule vita vikatokea Buganda. Mwanga akaondolewa kitini, na walimu wa misheni wakafukuzwa, wengine wao wakafika Usambiro hawana kitu. Mwanga mwenyewe akakimbia kusini ya ziwa. Mfalme yule aliyewachoma Wakristo hakuona mahali pa kujificha ila kwa Wakristo: mapadre wa Bukumbi, karibu na Mwanza, walimpokea na kumlinda. Hivyo watu wa Usukuma waliona kwa macho yao kwamba dini ile haikuwa maneno tu.

Tarehe 28 Agosti 1889 msafara mkubwa ulifika Usambiro. Aliyekuwa mbele ni Stanley, yule ambaye barua yake ilimtoa Mackay kiwandani Berlin. Alikuwa akitoka Ikweta pamoja na Emin Pasha, na watu wake walikuwa wamechoka, wagonjwa na wenye njaa. Mackay akawapokea kwa moyo mkunjufu, akawapa chakula na mahali pa kupumzika. Stanley alitazama nyumba, vitabu, bustani, kiwanda na mashua, akamwona mtu huyu mfupi mwenye ndevu, mwenye macho makini, asiyelalamika. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekwisha kumsihi arudi kwao apumzike, na sasa njia ilikuwa mbele yake: msafara wenye nguvu wa kumfikisha pwani salama. Tarehe 17 Septemba msafara ukaondoka, ukashika njia ya Usukuma kwenda pwani. Mackay akabaki. Aliona kuwa haifai mtu kuiacha kazi wakati inapohitaji watu, wala hakuwa ameona bado mtu wa kushika nafasi yake.

Katika siku hizo aliandika pia mashauri yake juu ya kazi ya misheni. Alisema kwamba Wazungu, wakifa hivi kwa homa, hawataweza kamwe kuifundisha Afrika yote. Aliona inafaa kuchagua mahali pachache penye afya, na hapo kujenga vyuo vikubwa ambamo Waafrika watafundishwa vizuri, wawe walimu wa ndugu zao. Shauri hilo hakuliona likitimizwa. Lakini walimu wa Kiafrika waliojaa baadaye katika shule za Mwanza, Geita na Shinyanga ni ushahidi kwamba aliona sawa.

Mwezi wa Februari 1890, mwenzake aliyeitwa Deekes alikuwa mgonjwa, na Mackay alikuwa amemtengenezea safari ya kurudi Uingereza. Wapagazi walikuwa tayari. Ndipo Mackay mwenyewe aliposhikwa na homa. Deekes akaacha safari yake ili amwuguze. Homa ikapanda kichwani, mgonjwa asijue tena alipo, na tarehe 8 Februari usiku akafariki. Deekes alikuwa Mzungu peke yake mahali pale, tena dhaifu kwa ugonjwa. Mbao nzuri zilikuwapo kiwandani, zile ambazo Mackay alizipasua kwa ajili ya mashua. Kwa mbao hizo likatengenezwa jeneza lake. Siku iliyofuata akazikwa karibu na Askofu Parker. Wakristo wa Kiganda waliokuwapo na vijana wa kijiji wakasimama kuzunguka kaburi, wakaimba kwa Kiganda wimbo wa kulisifu jina la Yesu.

Mashua ya moshi ilibaki haijamalizika. Injili ya Yohana ilibaki mezani. Mtu angetazama kwa macho ya dunia angesema kwamba fundi yule aliacha kazi nyingi nusu. Lakini huko ng'ambo ya ziwa wasomaji aliowaanzia kwa herufi za mti walikuwa wamekwisha kuwa maelfu, nao hawakusahau. Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa kutoka Usambiro, ikavushwa ziwa, ikazikwa tena Namirembe, karibu na kanisa kuu la Buganda.

Wako wanaomcha Mungu kwa kupiga magoti tu, na magoti yakisha kuondoka sakafuni, ibada yao imekwisha. Mackay alipiga magoti, kisha akashika nyundo, wala hakuona kwamba ameondoka mbele ya Mungu. Msumari alioupigilia pasipo kuonekana na mtu aliupigilia sawasawa, na jeneza la mama wa mfalme na barabara ya Mpwapwa na ukurasa wa Injili vyote alivifanya kwa moyo mmoja. Alipokosa hakujificha, na aliposhindwa alianza tena. Mwanafunzi anayefagia darasa vizuri wakati mwalimu hayupo, na mkulima anayepalilia shamba lake mpaka mwisho wa mstari, wamekwisha kujifunza kitu katika maisha ya fundi wa Usambiro.